Tiba ya mionzi kwa medulloblastoma ya watoto

Medulloblastoma ni saratani inayoanzia kwenye serebela, sehemu ya nyuma ya ubongo, na huwapata zaidi watoto. Baada ya upasuaji, mionzi hutumika kuua seli zilizobaki.

Kwa kuwa seli hizo husambaa kupitia majimaji ya ubongo, mionzi huelekezwa kwenye ubongo wote na uti wa mgongo. Mtoto mwenye hatari ya wastani ya saratani kurudi kwa kawaida hupewa grei (Gy, kipimo cha dozi ya mionzi) 23.4, na mwenye hatari kubwa Gy 36. Kisha eneo la uvimbe huongezewa hadi kufikia takriban Gy 54. Dozi hugawanywa kwa muda wa wiki sita hivi. Katika kila kikao mtoto hufungwa kinyago cha plastiki kilichofinyangwa kwa umbo la uso wake ili asitikisike. Wadogo hupewa dawa ya usingizi.

Fotoni na protoni

Mionzi hiyo inaweza kuwa ya fotoni au ya protoni. Fotoni, yaani eksirei zenye nguvu, hupenya mwili na kutokea upande wa pili, hivyo moyo, mapafu na utumbo hupata mionzi. Protoni, ambazo ni chembe za atomi, huachia nguvu zake nyingi mwishoni mwa safari, kisha husimama. Mwanafizikia Robert R. Wilson alipendekeza zitumike katika tiba mwaka 1946.

Katika kudhibiti saratani, mbinu hizi hukaribiana. Protoni hupunguza madhara kwa viungo vyenye afya, lakini ni ghali na vituo vyake ni vichache. Zisipopatikana, fotoni zilizopangwa kwa uangalifu ni tiba sahihi isiyopaswa kucheleweshwa.