Korogwe si mahali pa kuchimba dawa tu

Vijana wengi wa Dar tunaijua Korogwe kupitia dirisha la basi. Unashuka, unachimba dawa, unanunua chochote, konda anapiga kelele, safari ya Moshi au Arusha inaendelea. Handeni ndiyo kabisa! Unaona barabara inakata kushoto pale Mkata, basi. Tulichobaki nacho ni utani: eti Wazigua na uchawi.

Hebu leo tuache utani. Tuzungumzie mbung'o.

Karne ya 19 Wazigua walikuwa wakifuga ng'ombe katika nchi yenye mbung'o. Waliwezaje, bila dawa ya kunyunyizia wala daktari wa mifugo? Walifyeka na kuchoma vichaka kuzunguka makazi na mashamba yao. Wanyama pori wakakaa mbali, na mbung'o, ambaye anataka kivuli cha vichaka na damu ya wanyama hao, akakaa mbali nao. Ng'ombe waliumwa mara chache, kiasi cha kuujengea mwili uvumilivu dhidi ya nagana bila kufa wote.

Kazi hiyo ilihitaji watu. Ndiyo maana akiba ya chakula ilikuwa muhimu: mwaka wa njaa, wakuu waliwalisha watu wao ili wasitawanyike. Kwa hiyo ghala la nafaka lilikuwa pia kinga ya ng'ombe. Huu ulikuwa mfumo mzima, ndugu msomaji, si bahati.

Kisha mambo yakafuatana. Sotoka iliua mifugo mwanzoni mwa miaka ya 1890. Utawala wa Kijerumani ukawavunja nguvu wakuu wale waliotunza akiba. Njaa ya 1894 hadi 1896 ikaua watu wengi, na nyingine zikafuata, pamoja na ile ya wakati wa Vita Kuu ya Kwanza. Watu wakapungua, vichaka vikarudi, mbung'o akarudi. Leo mtu anapita anasema Handeni ni pori tangu kuumbwa. Si kweli. Pori lile lina historia.

Haya nimeyajuaje? Hapa ndipo panaponiuma. Nimeyapata kwa James Giblin, mwanahistoria Mmarekani aliyekaa na wazee wa Handeni mwanzoni mwa miaka ya 1980, akalinganisha maneno yao na nyaraka. Kitabu chake kilitoka Marekani mwaka 1992, kwa Kiingereza. Misitu ya jadi ya Wazigua, ile ya matambiko na makaburi ambayo mtu haingii na shoka, nayo ina utafiti mzuri wa Jussi Ylhäisi. Uko Helsinki, mwaka 2006, Kiingereza tena.

Siwalaumu hata kidogo. Wao waliuliza, sisi hatukuuliza. Lakini mjukuu wa mzee aliyehojiwa atakisoma wapi kitabu hicho, na kwa lugha gani?

Na isiwe kisingizio kwamba Kiswahili hakiwezi. Abdallah bin Hemedi bin Ali Liajjemi, mtu wa pwani aliyemtumikia Semboja kule Mazinde, Korogwe ya leo, aliandika Habari za Wakilindi kwa Kiswahili zaidi ya miaka 100 iliyopita. Mwaka 1954 Anthony Mochiwa akachapisha Habari za Wazigua. Baada ya hapo? Kimya kirefu mno.

Wakati huo huo Sheria ya Misitu ya 2002 inakiruhusu kijiji kutenga na kusimamia msitu wake chenyewe. Msitu wa tambiko unaweza kulindwa kwa sheria. Lakini kijiji kitatengaje msitu ambao vijana wake hawajui mpaka wake, wala kwa nini babu zao hawakuukata?

Kwa hiyo, wewe mwenye kwenu Handeni, Kilindi au Korogwe: likizo ijayo usishuke kuchimba dawa tu. Simu yako ina kinasa sauti. Omba ruhusa, kaa na wazee, uliza: wapi palifyekwa kila mwaka? Nani aliamua? Msitu upi haukuguswa, na kwa nini? Nenda na vijana wa hapo hapo, maana wao ndio watakaobaki. Kisha nakala ya kwanza iache kijijini, kwa Kizigua au Kiswahili. Sisi wa Dar tutasoma ya pili.