Kiswahili Kilichotutangulia Kigali

Wahenga walisema kwamba mwenda bure si mkaa bure, huenda akaokota. Sisi walimu wa Kiswahili tulipofunga safari ya kwenda Kigali, mji mkuu wa Rwanda, hatukwenda kufundisha wala kufanya utafiti; tulikwenda kutembea na kutazama kama watalii wengine. Lakini, ndugu msomaji, mwalimu hawezi kuyaacha masikio yake nyumbani. Tulichokiokota huko ni sehemu ya historia ya lugha yetu wenyewe, nayo ndiyo tunayokusudia kuieleza katika makala haya.

Yatupasa tukiri kwanza kwamba tuliondoka na dhana moja kichwani. Tulikuwa tumesikia kuwa mwaka 2017 Rwanda ilipitisha sheria ya kukifanya Kiswahili kuwa lugha rasmi, sambamba na Kinyarwanda, Kifaransa na Kiingereza. Basi tukadhani kwamba Kiswahili huko ni mgeni wa juzi, nasi ni wenye mali tunaokwenda kuona jinsi mali yetu ilivyopokewa. Dhana hiyo haikudumu.

Tuliingia kwa barabara kupitia Rusumo, mahali ambapo mto Kagera huitenga Tanzania na Rwanda, ukaporomoka kwa kishindo karibu na daraja. Ni katika sehemu hizo ambapo Mjerumani Gustav Adolf von Götzen aliuvuka mto mwezi Mei 1894, akaenda hadi kwa Mfalme Rwabugiri. Msafara wake ulikuwa umetoka Pangani, katika pwani ya Tanzania ya leo, mwishoni mwa mwaka uliotangulia. Vitabu vya historia humtaja Götzen. Wapagazi na askari waliofuatana naye aghalabu hawatajwi kwa majina. Hata hivyo, lugha iliyounganisha misafara ya namna hiyo kutoka pwani hadi bara haikuwa Kijerumani, ilikuwa Kiswahili. Kwa hiyo Kiswahili kilikanyaga ardhi ya Rwanda kabla Kigali haijawa mji.

Kigali yenyewe ni mji wa vilima. Barabara zake hupanda na kuteremka bila kuchoka, nazo ni safi hata mgeni huona haya kuangusha karatasi. Mifuko ya plastiki imepigwa marufuku nchini humo tangu mwaka 2008. Pikipiki za abiria hupita makundi kwa makundi, na kila abiria amevaa kofia ngumu. Kwa hesabu ya watu ya mwaka 2022, jiji hilo lilikuwa na wakazi zaidi ya milioni 1.7. Ni vigumu kuamini kwamba kisa cha mji mkubwa namna hii kilianzia katika kituo kimoja juu ya kilima cha Nyarugenge.

Kituo hicho kilianzishwa mwaka 1907 na Daktari Richard Kandt, Mjerumani aliyekuwa amefika Rwanda akitafuta chanzo cha mto Naili. Alikuwa ameteuliwa kuwa mwakilishi wa serikali ya Kijerumani katika nchi hiyo. Mfalme Yuhi Musinga alikaa Nyanza, upande wa kusini. Kandt yeye akachagua Kigali, kwa kuwa ipo katikati ya nchi. Leo ipo huko nyumba ya makumbusho inayoitwa kwa jina lake, nasi tuliizuru. Jambo lililotugusa zaidi halikuwa picha zilizotundikwa ukutani. Lilikuwa ni kukumbuka kwamba Wajerumani wakati huo walikuwa wakikitumia Kiswahili katika utawala wa koloni lao la Afrika Mashariki. Kwa hiyo boma la Kigali lilipoanza, karani, askari na mkalimani walikuja na Kiswahili kinywani. Nyuma yao walifuata wafanyabiashara Waswahili, Waarabu na Wahindi. Mwaka 1913 ulijengwa msikiti wa Al-Fatah, unaohesabiwa kuwa wa kwanza nchini Rwanda.

Wabelgiji walipowaondoa Wajerumani mwaka 1916, mambo yaligeuka. Wamisionari Wakatoliki, ambao ndio waliokuwa na shule nyingi, walikiona Kiswahili kuwa ni lugha ya Uislamu. Elimu ikaelekezwa katika Kinyarwanda na Kifaransa. Waislamu wa mijini walitengewa mitaa yao, iliyoitwa kambi za Waswahili, na kutoka humo kulihitaji kibali. Kwa Kigali, mtaa huo ulikuwa Biryogo, upande wa Nyamirambo. Neno ‘Umuswahili’ lenyewe likaanza kubeba maana mbili katika Kinyarwanda: Mwislamu wa mjini, na vilevile mtu mjanja asiyeaminika. Hebu fikiri, ndugu msomaji: jina la lugha tunayoifundisha kwa fahari liligeuzwa kuwa tusi.

Tulikwenda Biryogo alasiri moja. Siku hizi upo huko mtaa usiopitisha magari, ambamo meza za mikahawa zimepangwa barabarani palipotiwa rangi mbalimbali. Tuliagiza chai, chapati na sambusa, wala hatukuhitaji mkalimani, maana majina ya vyakula hivyo ni yale yale. Mezani karibu nasi alikuwapo mzee mmoja aliyevaa kofia ya mkono, akatukaribisha katika mazungumzo. Akasema, “Hapa sisi tulikuwaka tunakaa pamoja, baba yangu na babu yangu.” Mmoja wetu, kwa mazoea ya darasani, akamkatiza kwa upole: “Tulikuwa, mzee wangu. Si tulikuwaka.”

Mzee hakukasirika. Alikoroga chai yake, kisha akajibu: “Mwalimu, weye Kiswahili kimekupa mshahara. Sisi kilitupa matusi, na hatukukiacha.”

Tulinyamaza. Mwenzetu aliomba radhi, na mzee akacheka, akamwongezea chai. Lakini maneno yake tuliondoka nayo, na twadhani yana uzito kuliko hotuba nyingi tulizozisikia katika mikutano yetu. Sheria ya mwaka 2017 haikukileta Kiswahili Kigali, ilikikuta. Baina ya boma la mwaka 1907 na sheria hiyo kuna miaka 110, na kwa muda mrefu wa miaka hiyo lugha hii ilihifadhiwa na watu wa sokoni, wa gereji na wa misikitini, ambao hawakupewa cheti wala shukrani.

Wala historia ya Kigali haiwezi kusimuliwa bila kufika Gisozi, palipo Kumbukumbu ya Mauaji ya Kimbari. Hapo wamezikwa zaidi ya watu 250,000 waliouawa katika mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi mwaka 1994. Mgeni aingiapo hapo huacha kuwa mtalii. Sisi tulioishi kwa maneno tuliona kwamba maneno hayatoshi, tukapita kimya. Tutataja jambo moja tu linalohusu mada yetu. Tangu mwaka 1959 Wanyarwanda wengi walikuwa wamekimbilia Tanganyika, Uganda, Burundi na Kongo, na watoto wao wakazaliwa huko. Baada ya mwaka 1994 wengi walirudi, na baadhi yao walirudi na Kiswahili cha nchi walizolelewa. Hivyo ndivyo lugha hii ilivyoingia tena Kigali, mara hii katika vinywa vya wenye nchi waliorejea nyumbani. Rwanda ilipojiunga na Jumuiya ya Afrika ya Mashariki mwaka 2007, haja yake ikazidi kuonekana.

Isidhaniwe, hata hivyo, kwamba kila mtu Kigali husema Kiswahili. La hasha. Mjini katikati tulijibiwa mara kwa mara kwa Kinyarwanda au Kiingereza, na vijana kadhaa walituambia kwamba Kiswahili wanakielewa lakini wanaona haya kukisema. Kinyarwanda ndicho kinachowaunganisha watu wa nchi nzima, nacho kimekopa kutoka kwetu bila kelele: ‘igitabo’ ni kitabu, ‘idirishya’ ni dirisha, ‘isabune’ ni sabuni. Mwanafunzi wa Kigali akifundishwa vyema ataona kwamba anakijua Kiswahili zaidi ya anavyodhani. Akichekwa, atanyamaza, na sheria haitamfungua kinywa.

Hapo ndipo lilipo somo letu sisi walimu. Kusahihisha ni kazi yetu, na Kiswahili sanifu kina mahali pake katika mtihani, katika vitabu na katika ofisi. Lakini tusahihishe tukijua tunayemsahihisha ametoka wapi na lugha yake imepitia nini. Yeyote miongoni mwenu atakayekwenda Kigali na azuru makumbusho, na akapite Gisozi kwa heshima. Kisha ateremke Biryogo, aagize chai, na ajifunze kusema ‘murakoze’ kabla ya kutarajia ajibiwe ‘asante’. Na akimsikia mzee akisema ‘tulikuwaka’, asikilize kwanza mpaka mwisho wa sentensi.