Likizo ya mashua K'gari: unachopaswa kujua kabla ya kushika usukani

K'gari, kisiwa kikubwa kuliko vyote duniani vilivyoumbwa kwa mchanga, kiko kando ya pwani ya jimbo la Queensland, Australia, kaskazini mwa Brisbane. Urefu wake ni takriban kilomita 120. Upande wa magharibi, kati ya kisiwa na bara, upo mlangobahari wa Great Sandy, njia ya maji ya takriban kilomita 70 yenye mikoko na mafungu ya mchanga. Hapo ndipo familia na marafiki hukodi mashua ya tanga, katamarani au nyumba inayoelea, wakaishi humo siku kadhaa bila nahodha wa kuajiriwa.

Kinachowapotosha wengi ni utulivu wa mahali hapo. Maji yaliyofanana na ziwa asubuhi huweza kuwa uwanja wa matope alasiri, na anayeshika usukani ndiye mwenye dhamana ya kila aliyemo chomboni, awe amezoea bahari au ndiyo mara yake ya kwanza.

Kuhusu jina: kwa muda mrefu kisiwa kiliitwa Fraser Island, kutokana na Eliza Fraser, aliyefika huko baada ya meli kuvunjika mwaka 1836, na ambaye masimulizi yaliyoenezwa juu yake yaliwachafulia wenyeji, Wabutchulla, sifa yao. Juni 2023 serikali ya jimbo ilirejesha rasmi jina la K'gari. K ya mwanzo haisikiki, hivyo sikio la Mswahili hudhani limesikia “gari”.

Maji hukutana katikati

Mlangobahari huu una midomo miwili. Maji yanapojaa huingia kwa pamoja kutoka ghuba ya Hervey upande wa kaskazini na kutoka Inskip upande wa kusini, kisha hukutana katikati, karibu na mahali paitwapo Sheridan Flats. Hapo mchanga hutuama, na kina huwa kidogo mno. Chombo chenye mkuku mrefu hakipiti maji yakiwa yamepwa.

Kwa sababu hiyo ratiba nzima huanzia hapo, hata kabla ya kulipia chombo. Tafuta saa ya maji kujaa katikati ya mlangobahari, kwa kuwa si sawa na ile ya bandari ya Urangan utakakoondokea. Ukitoka kaskazini maji yakiwa yanajaa, mkondo utakusukuma hadi katikati; ukivuka karibu na kilele, maji yakigeuka yatakutoa upande wa kusini. Lakini usingoje kilele chenyewe. Fika mapema kidogo, ili ukipanda fungu, maji yanayozidi kuongezeka yakuinue. Atakayepwelewa wakati wa kilele atasubiri takriban saa 12, na ikiwa ni bamvua linaloanza kulegea, huenda kujaa kunakofuata kusifikie kimo kile, naye akabaki juu ya mchanga kwa siku kadhaa.

Wasomaji waliokulia Lamu au Pemba hawahitaji kufunzwa tofauti ya bamvua na maji mafu. Waliokulia Bukavu au Bujumbura hawakuliona jambo hili ziwani, basi tulieleze. Mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, maji hujaa sana na kupwa sana, na mkondo huwa mkali: hilo ndilo bamvua. Katika siku za nusu mwezi, tofauti hupungua: hayo ni maji mafu. Urangan, wakati wa bamvua, tofauti hiyo huweza kuzidi mita 3. Kwa anayeanza, siku za maji mafu ni za upole zaidi, mradi kampuni ithibitishe kwamba kina cha katikati kitatosha kwa chombo chako. Nahodha mzoefu huenda akachagua kinyume chake.

Maboya nayo yana mtego wake. Ukiingia kutoka baharini, boya jekundu hukaa kushoto na la kijani kulia. Lakini kwa kuwa njia hii inaingiwa kutoka pande zote mbili, katikati ya safari mpangilio hugeuka. Tia alama mahali hapo kwenye chati yako kabla ya kuondoka.

Usikoweza kwenda

Picha nyingi zinazowavutia watalii, kama ufuo mrefu wa 75 Mile Beach na mabaki ya meli Maheno iliyokwama mwaka 1935, ni za upande wa mashariki unaokabili bahari kuu. Mashua ya kukodi haikupeleki huko. Kampuni kwa kawaida hukataza kuvuka Wide Bay Bar, mwamba wa mchanga uliopo mdomo wa kusini ambako mawimbi huumuka kwa ghafla, na hukataza kusafiri usiku. Uliza pia iwapo chombo unachokichagua kinahitaji leseni.

Upepo wa kusini-mashariki, ambao mtu wa pwani yetu angeuita kusi, huzuiwa na kisiwa chenyewe, kwa hiyo ufuo wa magharibi huwa na hifadhi. Ukivuma kutoka kaskazini au magharibi, hifadhi hiyo hutoweka. Kuanzia Julai hadi Oktoba nyangumi hupumzika katika ghuba ya Hervey. Chombo hakiruhusiwi kuwasogelea chini ya mita 100. Katika mlangobahari wenyewe wapo nguva na kasa, na yapo maeneo yaliyotengwa ambamo ni lazima kwenda polepole. Jioni, karibu na mikoko, usubi hawana huruma.

Ukishuka nchi kavu, jihadhari na dingo, ambao Wabutchulla huwaita wongari. Kuwalisha ni kosa la kisheria. Mwaka 2001 waliua mtoto wa miaka tisa kisiwani hapo, hivyo mtoto asiache mkono wa mtu mzima, hata kwa hatua chache za kwenda msalani.

Asiyejua kuogelea avae jaketi la kuokolea maisha kila awapo juu ya sitaha, bila kujali ukubwa wa chombo wala maneno ya wenzake.

Simu za mkononi hupoteza mtandao sehemu kadhaa. Redio ya VHF ndiyo tegemeo, na wito wa dharura hupitia chaneli 16. Palipo na mtandao, namba ni 000. Kabla ya kung'oa nanga, kiarifu kituo cha uokoaji cha watu wa kujitolea jina la chombo, idadi ya watu na saa unayotarajia kufika. Ukifika salama, wasiliana nao tena, la sivyo wataanza kukutafuta.