Mnyororo wa Baisikeli na Kipimo cha Nusu Inchi

Juma lililopita tulizungumza habari za mizani na ratili. Leo tutaendelea na habari za vipimo, lakini tutatoka sokoni twende barabarani. Somo letu ni historia ya mnyororo wa baisikeli. Kila kikundi kiwe na rula ya shule yenye inchi 12, na kama kuna mwenye baisikeli, ailete karibu.

Nianze na kisa kidogo. Katika darasa moja la jioni yuko mzee mmoja anayepeleka maziwa kwa baisikeli. Mnyororo wake ulikatika. Kijana wake akamwonyesha duka katika simu, duka lisilo na kaunta wala rafu, ambalo mtu hutazama picha, hulipa, kisha hungoja mzigo. Chini ya picha ya mnyororo yaliandikwa maneno haya: “Mnyororo imara, unafaa baisikeli zote.” Mzee alilipa. Mnyororo ulipofika, fundi aliuweka juu ya meno ya gurudumu, nao ukakataa kuingia. Ulikuwa mwembamba mno. Siku tatu maziwa hayakwenda, na mzee akanunua mnyororo wa pili kwa fedha alizokuwa ameziweka kwa ada ya mjukuu.

Mzee aliniuliza, “Bwana mwalimu, kosa ni la nani? Mimi nilisoma maneno yale yote, sikuruka hata moja.” Swali hili ni zuri, na ili tulijibu yatupasa kurudi nyuma zaidi ya miaka mia mbili.

Mwaka 1817, huko Mannheim katika Ujerumani, Karl Drais alitengeneza chombo cha magurudumu mawili. Hakikuwa na pedeli wala mnyororo. Mtu alikaa juu yake na kujisukuma kwa miguu kama anayekimbia. Katika miaka ya 1860 mafundi wa Paris walitia pedeli, lakini waliziweka katika gurudumu la mbele lenyewe. Pedeli ikizunguka mara moja, gurudumu nalo lilizunguka mara moja tu. Basi aliyetaka mwendo mkubwa alihitaji gurudumu kubwa. Ndiyo sababu katika miaka ya 1870 zilionekana baisikeli za ajabu, gurudumu la mbele likiwa na upana wa inchi 50 au zaidi, na la nyuma dogo kama la kigari cha mtoto. Mpandaji alikaa juu sana. Gurudumu likigonga jiwe, alianguka kichwa mbele. Tena ukubwa wa gurudumu ulikuwa na mpaka, maana hauwezi kupita urefu wa miguu ya mtu.

Mnyororo ndio ulioondoa shida hiyo. Mwaka 1885, katika mji wa Coventry huko Uingereza, John Kemp Starley alitoa baisikeli iliyoitwa Rover. Magurudumu yake yalikaribiana kwa ukubwa, pedeli zilikuwa katikati, na mnyororo ulipeleka nguvu za miguu kwenye gurudumu la nyuma. Hakuwa mtu wa kwanza kufikiri hivyo, lakini Rover ndiyo iliyofuatwa na wengine. Ukiitazama picha yake utaona kwamba ni ndugu wa baisikeli zetu za leo.

Hapa tufanye hesabu. Tuseme gurudumu la meno la mbele, lile la pedeli, lina meno 44, na lile dogo la nyuma lina meno 22. Pedeli ikizunguka mara moja, mnyororo unavutwa meno 44, na gurudumu la nyuma linazunguka mara 2. Kama gurudumu hilo lina upana wa inchi 28, basi mpandaji anakwenda sawasawa na mtu wa zamani mwenye gurudumu la inchi 56, lakini miguu yake inafika chini.

Lakini mnyororo wa kwanza ulikuwa na udhaifu. Ulikuwa vibao vya chuma vilivyofungwa kwa pini, na uzito wote uliangukia kingo nyembamba za vibao. Kingo zililika upesi. Mtu aliyetengeneza dawa ya ugonjwa huo ni Hans Renold, mzaliwa wa Uswisi aliyehamia Manchester. Mwaka 1879 alinunua kiwanda kidogo cha minyororo, na mwaka 1880 alipata hati ya uvumbuzi wake. Alitia bushi, yaani bomba fupi la chuma, juu ya kila pini, na juu ya bushi akatia kigurudumu kidogo. Uzito ukasambaa juu ya bushi yote, na kigurudumu kikabiringika juu ya meno badala ya kuyasugua. Tazameni mnyororo wa baisikeli iliyo mbele yenu. Ni kazi ya Renold hiyo hiyo.

Sasa tufike kwenye kipimo. Umbali kutoka katikati ya pini moja mpaka katikati ya pini inayofuata tuuite hatua ya mnyororo. Meno ya gurudumu lazima yafuate hatua hiyo. Mwanzoni kila kiwanda kilikuwa na mapenzi yake, na minyororo mingi ya zamani ilikuwa na hatua ya inchi 1. Baadaye, katika karne ya 20, hatua ya nusu inchi ilishinda. Nusu inchi ni milimita 12.7. Hata viwanda vya nchi zinazohesabu kwa mita, kama Ufaransa, Italia, Japani na China, vilikubali nusu inchi. Katika miaka ya 1970 kampuni ya Shimano ya Japani ilijaribu hatua ya milimita 10 kwa baisikeli za mashindano. Mnyororo ulikuwa mwepesi, lakini haukuenea, ukaachwa. Aliyeununua alihitaji na meno yake ya pekee, na hayo hayakupatikana kila duka.

Basi, ndugu zangu, kama hatua ni moja duniani kote, mbona mnyororo wa mzee ulikataa? Ni kwa sababu mnyororo una kipimo cha pili, nacho ni upana wa ndani, pale jino linapoingia. Baisikeli yenye jino moja nyuma, kama Raleigh za zamani, Phoenix za China na Hero za India zilizojulikana sana kwetu, hutumia mnyororo wenye upana wa thumuni ya inchi, yaani 1/8. Hiyo ni zaidi kidogo ya milimita 3. Lakini baisikeli za gia zina magurudumu ya meno kadhaa yaliyopangwa pamoja nyuma, nayo ni membamba. Mnyororo wake mara nyingi una upana wa 3/32, yaani ukigawanya inchi katika sehemu 32, unachukua sehemu 3. Hiyo ni milimita 2.4 hivi. Jino nene haliingii katika nafasi nyembamba. Ndivyo alivyopatikana mzee wetu.

Tena gia ziliendelea kuongezeka. Mashindano makubwa ya Tour de France hayakuruhusu chombo cha kuhamisha mnyororo mpaka mwaka 1937. Baadaye magurudumu ya nyuma yakawa 5, kisha 7, 8, 9, na siku hizi hata 12 na zaidi. Nafasi ya kuyaweka haikuongezeka kwa kadiri hiyo. Kwa hiyo meno yakazidi kuwa membamba, na mnyororo nao ukazidi kukonda kwa nje. Wa gia 8 una milimita 7 hivi kwa nje, na wa gia 11 una 5 na nusu.

Mwaka 1984 Shimano ilitoa kishikio cha gia kinacholia “tik” kila gia. Kabla ya hapo mpandaji alitafuta gia kwa kusikiliza na kupapasa. Baada ya hapo kishikio kilijua mahali pa kusimama. Ni raha kubwa, lakini raha hiyo ina deni. Tangu siku hiyo kishikio, chombo cha kuhamisha mnyororo, na nafasi kati ya meno lazima vikubaliane. Kimoja kikiwa cha kabila jingine, mnyororo unasimama kati ya jino na jino.

Kuna na habari ya hesi, yaani mistari ya skrubu. Gurudumu la meno la nyuma lenye kuachia, lile linalolia tukishuka kilima bila kukanyaga, mara nyingi hufungwa kwa hesi. Hesi ya Kiingereza ina upana wa milimita 34.9. Ile ya zamani ya Kifaransa ni milimita 34.7. Tofauti ni ndogo kuliko unene wa ukucha, lakini ukilazimisha, hesi zinaharibika na gurudumu zima linatupwa. Raleigh nayo, iliyokuwa na kiwanda kikubwa Nottingham, katika vikombe vya gololi vya ekseli ya pedeli ilitumia hesi 26 katika inchi, hali viwanda vingine vya Kiingereza vilitumia 24. Fundi wa zamani aliyajua hayo kwa mkono. Ulimletea kikombe kilichovunjika, naye akakigeuza, akakijaribu, akakupa kingine. Mkono wake ulikuwa kamusi.

Katika duka la simu mkono huo haupo. Yapo maandishi tu. Kampuni ya Amazon ya Marekani ilipofungua duka lake mwaka 1995 ilianza na vitabu. Kitabu hakihitaji kuingia katika kitabu kingine. Mnyororo unahitaji kuingia katika meno, na meno hayamo katika picha.

Wengine watasema, “Lakini kila bidhaa ina mistari myeusi na namba zake.” Ni kweli. Mistari hiyo ilisomwa kwa mara ya kwanza na mashine ya duka mwaka 1974, katika mji wa Troy, jimbo la Ohio, na kitu cha kwanza kilikuwa pakiti ya ubani wa kutafuna. Lakini fahamuni kazi ya namba hiyo. Inasema kitu hiki ni kipi. Haisemi kinakwenda na kipi. Ni kama jina la mtu. Jina halikuambii kama viatu vyako vitamwenea. Habari hiyo lazima iandikwe na mtu anayejua, tena iandikwe kwa vipimo.

Basi sasa tunaweza kumjibu mzee. Mwanzoni mimi nilidhani kosa ni lake, kwa kuwa hakupima. Nilipofikiri zaidi niliona kwamba mzee alisoma vizuri, ila alipewa maneno yasiyo na kitu ndani yake. “Unafaa baisikeli zote” si kipimo. Hakuna mnyororo wa namna hiyo duniani. Aliyeandika maneno hayo hakumwibia mzee kwa mkono, lakini fedha za mzee zilikwenda zake. Kuandika ni kazi yenye dhamana kama kupima kwa mizani, na maneno mapana ni ratili pungufu.

Kwa hiyo, kabla ya kununua mnyororo, ulizeni mambo manne. Kwanza, hatua yake, ambayo kwa kawaida ni 1/2. Pili, upana wa ndani, kwa mfano 1/8 au 3/32. Tatu, kama ni wa gia, ni wa gia ngapi. Nne, una pingili ngapi. Katika karatasi ya mnyororo mtaona mara nyingi “1/2 x 1/8”. Sasa mnajua kuisoma. Muuzaji asiyeweza kujibu, msimlipe bado.

Na ninyi mnaouza vitu kwa simu, maana najua mmo darasani, andikeni namba hizo nne. Mnunuzi atawaamini, na mzigo hautarudi.

Mwisho, chukueni rula. Wekeni mwanzo wa rula katikati ya pini moja, mhesabu pingili 24. Pini ya 24 baada ya hiyo itakuwa kwenye inchi 12 kamili ikiwa mnyororo ni mzima, maana 24 mara nusu ni 12. Ikiwa imepita kwa 1/16 ya inchi, mnyororo umekwisha, ubadilishwe. Ikiwa imepita kwa 1/8, huenda na meno yameliwa, na mnyororo mpya utaruka juu yake. Mnyororo ukiruka mpandaji akikanyaga kwa nguvu, huanguka, na mzigo au abiria huanguka naye. Pale Busia, mpakani mwa Kenya na Uganda, ambapo jina la bodaboda lilianzia kwa baisikeli, watu wengi waliweka maisha yao juu ya pingili hizi.

Mzee wa maziwa sasa ana karatasi ndogo chini ya kiti cha baisikeli yake, ameifunga kwa nailoni. Imeandikwa kwa mkono wake mwenyewe: 1/2, 1/8, pingili 112.

Maswali ya kikundi:
1. Gurudumu la mbele lina meno 48 na la nyuma lina 16. Pedeli ikizunguka mara moja, gurudumu la nyuma linazunguka mara ngapi?
2. Kwa nini baisikeli za miaka ya 1870 zilikuwa na gurudumu kubwa mbele?
3. Pimeni mnyororo mmoja kwa rula. Andikeni mlichokiona.
4. Andikeni tangazo la kuuza mnyororo, lisilo na neno “zote”.

Ndugu wasikilizaji, somo letu limekwisha. Kwaherini mpaka juma lijalo.