Spika Zangu, Ruhusa ya Nani?

Thao tatu. Hiyo ndiyo pesa niliyokuwa nafuata usiku ule: kurekodi sauti ya tangazo, niitume kabla ya saa tatu asubuhi. Chuo nilishaacha na mathe hajanisamehe vizuri, kwa hivyo kulikuwa pia na mambo ya heshima. Nikawasha kompyuta yangu ya mezani, mtumba, yenye Linux nyepesi niliyoiweka mwenyewe. Nikabonyeza kurekodi. Umenyimwa ruhusa.

Manze, spika ni zangu, maiki ni yangu, hata stima nalipa mimi. Nani ananinyima?

Ukimfuata huyo mtu unafika 1969, Bell Labs kule Marekani, Ken Thompson na Dennis Ritchie wakianza kuunda Unix. Siku hizo mashine moja ilikuwa inatumiwa na watu wengi, kwa hivyo kila faili ikapewa mwenyewe, kundi, na wale wengine wote. Halafu wakafanya hata vifaa vionekane kama faili. Linus Torvalds alipoanza Linux kule Finland mwaka 1991, alifuata mpango huo huo. Kadi ya sauti nayo ikapata faili yake, /dev/dsp.

Draiva ya Sound Blaster iliandikwa na Mfini mwingine, Hannu Savolainen, na kazi yake ikakua ikawa OSS. Shida yake ilikuwa kama choo cha ploti: mara nyingi akiingia mmoja, wengine wanangoja nje. Muziki ukicheza, gemu inakuwa bubu. Mwaka 1998 Jaroslav Kysela, Mcheki, akaanza ALSA, na kerneli 2.6 ilipotoka Desemba 2003, hiyo ndiyo ikawa njia kuu. Faili zikahamia /dev/snd. Lakini mlinzi wa mlango hakubadilika: mali ya root, kundi ni audio, ruhusa 660. Sita ya kwanza ni ya mwenyewe, kusoma na kuandika. Sita ya pili ni ya kundi. Sifuri ni mimi na wewe.

Nilikuwa naona huo ni ujinga mpaka nikafikiria maiki. Kuifungua ile faili ya kurekodi ni kusikiliza chumba. Mtu mwenye akaunti kwenye mashine yako, hata akiwa ameingia kupitia intaneti kutoka mtaa mwingine, angekusikia ukiongea na mpenzi wako. Hapo sifuri ikaanza kunipendeza kidogo.

Dawa ni kujiingiza kwenye kundi: sudo usermod -aG audio, halafu jina lako. Mimi, saa nane usiku, niliandika -G bila ile a. Herufi moja tu! Ile a ndiyo inasema ongeza. Bila hiyo, kompyuta inakutoa kwenye makundi mengine yote na kukuacha kwenye hayo uliyotaja peke yake. Nikatoka, nikaingia tena kwa sababu kundi jipya halishiki mpaka ufanye hivyo, na sauti ikatoka safi. Nikacheka. Kesho yake sudo ikakataa, nimejifukuza kwenye kundi la wasimamizi. Bahati nenosiri la root nilikuwa nimeliandika nyuma ya daftari la chuo. Angalau daftari lilisaidia.

Watu wa Ubuntu na Fedora mtaniuliza hii shida inatoka wapi. Kwenu kuna systemd-logind, inaangalia nani amekaa mbele ya skrini na kumpa yeye ruhusa ya kadi, akitoka inamnyang'anya. Juu ya ALSA ilishakuja PulseAudio ya Lennart Poettering, Fedora 8 ikaichukua mwaka 2007, ikachanganya sauti za programu zote. Ilitukanwa sana miaka ya kwanza. Tangu Fedora 34, mwaka 2021, PipeWire ya Wim Taymans imeshika hiyo nafasi. Linux yangu nyepesi haina logind, ndiyo maana mimi bado nabisha hodi kwa mlango wa 660.

Tangazo nilituma saa mbili na dakika hamsini. Thao tatu iliingia Ijumaa, nikamtumia mathe moja. Alijibu "asante" bila nukta, na kwa mathe hiyo ni kitu.