Vijana wa Bukavu na korona: kanuni walizijua, maji ndiyo yalikosekana

Tarehe 18 mwezi wa tatu 2020, siku nane kisha mgonjwa wa kwanza wa korona kutangazwa Kinshasa, Rais Félix Tshisekedi alitangaza kwamba masomo yote ya nchi yanafungwa. Ilisemwa wiki nne. Hapa Bukavu, wanafunzi wa mwaka wa sita, wale wa mtihani, walirudi darasani tarehe 10 mwezi wa nane. Wengine wote walingoja mpaka tarehe 12 mwezi wa kumi, karibu miezi saba. Tena mwezi wa kumi na mbili milango ikafungwa, mpaka tarehe 22 mwezi wa pili 2021.

Mara nyingi tunasikia wakubwa wakisema vijana hawakujali kwa sababu hawakujua. Hapana. Kunawa mikono walikufahamu tangu zamani, maana kipindupindu hakijawahi kuondoka kabisa pembeni ya ziwa Kivu. Na mwezi wa nane 2019 Ebola ilikuwa imefika Mwenga, humu humu Kivu ya Kusini. Kijana wa Kadutu wa miaka 15 aliweza kukutajia kanuni zote: sabuni, barakoa, metre moja kati ya mtu na mtu, kukohoa kwenye kiwiko.

Sasa fikiria nyumba yake. Vyumba viwili, watu nane, na robine ya mtaa inatoa maji siku moja, siku mbili kimya. Bidoni ya litre 20 inapandishwa mlima, na anayeipandisha mara nyingi ni yeye mwenyewe, zaidi akiwa msichana. Ikifika, kwanza ni chakula, kisha ni vyombo. Sekunde 20 za kunawa zitoke wapi? Hata ile foleni ya maji ilikuwa msongamano. Barakoa nayo ni franga. Moja ilivaliwa wiki nzima, na wengi waliishusha kidevuni, wakaipandisha tu wakiona polisi.

Darasani pia metre moja ilikuwa neno la karatasi. Masomo ya msingi ya bure yalianza mwezi wa tisa 2019, watoto wakajaa, benchi moja watu wanne.

Uvumi nao ulikuwa na nguvu: eti ni ugonjwa wa wazungu, eti ni wa matajiri wa Kinshasa. Ukweli ulio mgumu kumweleza kijana ni huu: yeye mwenyewe mara nyingi haumwi sana, lakini anaweza kumpelekea virusi bibi yake anayelala chumba cha pili.

Na roho zao? Hapo tuliongea kidogo mno. Radio Okapi ilileta masomo hewani kwa kipindi cha Okapi École, kazi nzuri, lakini inataka redio, betri na nyumba yenye utulivu. Mpaka wa Rusizi ulipofungwa, biashara ndogo ya mama wengi ilisimama, na watoto wakaingia sokoni kuuza. Kwa msichana, miezi bila masomo inaongeza hatari ya mimba na ya kuolewa mapema. Mzazi akiona mtoto hali, halali, amenyamaza au anakasirika ovyo, asikimbilie kumwita mkaidi. Akae naye, amuulize, na ikizidi amfikishe kwa munganga.

Kisha ikaja mpox. Aina yake mpya ilionekana Kamituga mwaka 2023, na tarehe 14 mwezi wa nane 2024 OMS ikaitangaza kuwa dharura ya afya ya kimataifa. Hapa kijana abadilishe mazoea, asirudie ya korona tu: mpox inapita zaidi kwa kugusana ngozi, pia katika tendo la ndoa, na kwa nguo au shuka za mgonjwa. Kuazimana tisheti na kulala watatu kwenye godoro moja ndiyo mambo ya kuangalia. Mwenye vipele na homa asijifiche, aende kituo cha afya. Na wanaoishi naye wanahitaji maji ya kufua zile shuka, yaani bidoni ile ile ya kupanda mlima.