Masizi Usoni, Ngazi Miguuni

Mwaka 1939 jumba la makumbusho ya sanaa ya kisasa la New York lilipokea shehena ya mikanda iliyosalia ya kampuni ya filamu ya Biograph. Humo mlikuwa na mikanda saba ya picha moja isiyo na jina, iliyopigwa mwaka 1913 na kuachwa bila kumaliziwa. Ilipooneshwa hadharani mwaka 2014, waliokuwamo wote walikuwa wamekwisha kufariki. Ndani yake mchekeshaji Bert Williams amepanda farasi wa mbao kwenye bembea la kuzunguka, pembeni yake yuko mwigizaji Odessa Warren Grey, na wote wawili wanafurahi kama watu waliotoka pamoja siku ya sikukuu. Mwishoni wanabusiana kwa upole. Watu weusi kuoneshwa wakipendana hivyo lilikuwa jambo adimu sana kwenye sinema ya miaka ile.

Wenzake karibu wote wana nyuso zao wenyewe. Williams amejipaka masizi ya kizibo kilichochomwa, mtu mweusi aliyepakwa weusi juu ya weusi wake, na mdomo umechorwa kwa upana. Nimeitazama picha hiyo mara nyingi, na kila mara macho yangu huishia pale shingoni, masizi yanapokoma na ngozi yake kuanza.

Alizaliwa Nassau, Bahama, mwaka 1874. Yeye na mwenzake George Walker walipata jina katika vodevili, maonesho ya vipande vifupi vifupi: wanasarakasi, waimbaji, mbwa waliofunzwa, wachekeshaji, wote kwa tiketi moja. Tony Pastor wa New York ndiye aliyeusafisha mchezo huo miaka ya 1880, akaondoa matusi na ulevi ili baba aweze kuja na mkewe na watoto. B. F. Keith na Edward Albee wakaufanya biashara kubwa, wakaunganisha kumbi za mji hadi mji. Ratiba ilikuwa na hesabu yake. Kipande cha kwanza kiliachiwa wanasarakasi au wanyama, kwa kuwa watu walikuwa bado wanatafuta viti na maneno yangepotea. Nyota alipangwa wa pili kutoka mwisho.

Mwaka 1903 Williams na Walker walifungua tamthilia ya muziki iitwayo *In Dahomey* katika ukumbi mkubwa wa Broadway, iliyotungwa na kuigizwa na watu weusi, na mwaka huohuo wakaicheza London mbele ya mfalme katika Buckingham Palace. Walker akaugua na kufariki mwaka 1911. Williams alikuwa ameshaingia kwenye maonesho ya Ziegfeld Follies mwaka 1910, mweusi miongoni mwa weupe, akabaki na masizi yake hadi alipofariki mwaka 1922. Mchekeshaji W. C. Fields, aliyecheza naye, alisema hakuwahi kuona mtu wa kuchekesha kama yeye wala kumjua mtu mwenye huzuni kama yake. Kati ya waliofanya naye kazi katika Follies alikuwemo kijana mmoja, Eddie Cantor, ambaye aliigiza kama mwanawe, naye pia amejipaka masizi. Jina hilo litarudi.

Katika kumbi za weupe kulikuwa na mazoea yaliyoshikwa kama sheria: mchezaji mweusi asipande jukwaani peke yake, awe na mwenzake. Mcheza densi Bill Robinson aliishi ndani ya mazoea hayo kwa miaka, akicheza na George Cooper. Alizaliwa Richmond, Virginia, mwaka 1878, akafiwa na wazazi angali mdogo, akalelewa na bibi yake. Yeye na Cooper walipoachana, wakala wake Marty Forkins alimpigania apewe jukwaa peke yake, akapata. Tena hakujipaka masizi. Alisimama na uso wake, kofia imeinama upande, akaiachia miguu izungumze.

Wengi waliocheza densi ya kugonga sakafu kabla yake walitua kwa unyayo mzima. Robinson aliiinua densi hiyo juu ya vidole, kwa viatu vyenye soli za mbao, kila pigo likasikika peke yake kama punje inayodondoka kwenye sinia. Mwaka 1918, katika ukumbi wa Palace wa New York, ambao kila mchezaji wa vodevili aliota kuufikia, alionesha densi yake ya ngazi. Ilikuwa ngazi fupi ya mbao, ya kupandia huku na kushukia kule. Kiwiliwili kimetulia, mikono haina haraka, macho yanaitazama miguu kana kwamba ni ya mtu mwingine anayemshangaza. Kila kidato kilitoa mlio wake. Anapanda viwili, anarudi kimoja, anasita, na kule kusita kwenyewe kumo ndani ya mdundo. Walikuwepo waliocheza kwenye ngazi kabla yake, lakini baada yake ngazi ikawa yake, na aliilinda kwa wivu mkubwa.

Sinema bubu haikuwa na la kufanya na fundi wa namna hiyo. Williams aliweza kuchekesha kwa bega na jicho, lakini Robinson bila sauti angebaki mtu anayetembea vizuri. Ilibidi angoje. Ngazi yake ilinaswa katika filamu ya *Harlem Is Heaven* mwaka 1932, naye amepita miaka 50. Mwaka huohuo Palace iliachana na vodevili ikawa ukumbi wa sinema.

Mwaka 1935 dunia ilimwona katika filamu ya *The Little Colonel*, amevaa nguo za mtumishi wa nyumba, akimshawishi mtoto Shirley Temple apande juu akalale. Mtoto hataki. Mtumishi anamwonesha namna yeye anavyopanda ngazi, kisha anampa mkono. Katika miji ya kusini mwa Marekani kipande cha kushikana mikono kilikatwa. Wapo wanaomlaumu Robinson kwa kuvaa nguo zile. Mimi naona lawama iende kwa waliokuwa na kalamu na hawakumwandikia kitu kingine. Tazama miguu yake kwenye ngazi ile: hakuna utumishi ndani yake hata kidogo.

Katika *Stormy Weather* ya mwaka 1943, Robinson akiwa nyota, ngazi ilipokewa na wengine. Ndugu wawili, Fayard na Harold Nicholas, walikuwa wana wa wanamuziki wa ukumbi wa Standard, Philadelphia. Fayard alijifunza akiwa ameketi kwenye viti vya watazamaji, akamfundisha mdogo wake, na mwaka 1932 walikuwa tayari wanacheza katika klabu ya Cotton Club. Mwishoni mwa filamu, orkesta ya Cab Calloway ikipiga, wanashuka ngazi kubwa kwa kurukana: mmoja anapaa juu ya kichwa cha mwenzake, anatua msamba kwenye kidato cha chini, na kabla hajainuka yule mwingine keshampita. Wanainuka kutoka msambani bila kugusa sakafu kwa mkono. Mcheza densi Fred Astaire, ambaye hakuwa mtu wa kubabaika na densi, aliwaambia ndiyo bora kuliko zote alizowahi kuziona kwenye filamu.

Robinson alifariki Novemba 1949. Fedha nyingi zilipita mikononi mwake, zikaishia kwenye kamari na kwa kila aliyemwomba, akafa hana kitu. Mazishi yalisimamiwa na Ed Sullivan, mtangazaji ambaye mwaka mmoja kabla alikuwa ameanzisha kipindi cha runinga kilichopangwa vilevile kama ratiba ya vodevili: sarakasi, wimbo, kichekesho, nyota. Maelfu walijipanga barabarani kumuaga.

Runinga ndiko Eddie Cantor anakorudi. Mwaka 1952 alikuwa mzee anayeongoza kipindi, akamwalika Sammy Davis Jr., mtoto wa jukwaani aliyekua akicheza na baba yake na Will Mastin. Davis alimaliza kucheza akitiririka jasho. Cantor akatoa leso yake mwenyewe, akampangusa uso mbele ya nchi nzima. Zikaja barua za hasira. Cantor akamwalika tena. Sijui kama mkono ule ulimkumbuka Williams, lakini mimi siwezi kuutazama bila kumkumbuka: kijana aliyekuwa akijipaka masizi pembeni yake, sasa mzee, anapangusa uso mweusi usiopakwa kitu.

Novemba 1989 waigizaji walikusanyika kumsherehekea Davis kwa miaka yake 60 kazini. Saratani ilikuwa imemshika kooni na sauti imekwisha, ameketi mstari wa mbele. Mcheza densi Gregory Hines alicheza jukwaani kwa heshima yake, kisha akamwita. Davis akavaa viatu vya densi, akapanda, wakajibizana kwa miguu, mmoja akigonga na mwingine akipokea. Davis alipomaliza, Hines alipiga magoti akambusu kiatu.